Viazi vya Molo, meza za Kisumu: dalali, ushirika au mkataba?

Mimi ni mchuuzi wa viazi Kisumu. Kanta, lori dogo lililoniletea mzigo, ilifika soko la Kibuye saa nne usiku, siku moja na nusu baada ya wakati tuliopatana. Nilimulika gunia la kwanza kwa tochi ya simu, nikapenyeza mkono katikati ya kamba. Viazi vya juu vilikuwa vizuri. Vya ndani vilikuwa na joto kama la uji uliopoa kidogo, na maji yenye harufu yalikuwa yakichuruzika chini ya gunia. Vilikuwa vimechimbwa mvua ikinyesha, vikafungwa na tope lake, kisha vikakaa kwenye lori njia nzima.

Simu zikaanza. Mkulima alisema viazi vilitoka shambani kwake vikiwa vizima. Dereva alisema barabara ya kutoka Kuresoi haikuwa inapitika, na hakuna aliyemwambia kwamba mzigo una haraka. Dalali alisema kazi yake iliisha magunia yalipopakiwa. Wote watatu walikuwa wakisema kweli. Nilitupa gunia saba kati ya thelathini, na wateja wangu wawili wauza chipsi wa Kondele wakatafuta viazi kwingine.

Usiku ule hakuna aliyeniibia. Tulikuwa watu wanne tuliopatana bei peke yake, mengine yote tukamwachia Mungu. Tangu siku hiyo, kila ninapoanza kufanya kazi na mtu mpya huwa nauliza maswali yale yale manne, na ndiyo nitakayotumia hapa kulinganisha njia tatu ambazo viazi vya Molo, Elburgon, Kuresoi na Mau Narok hufuata hadi Nakuru na Kisumu: kupitia kwa dalali, kupitia ushirika, au kwa mkataba wa moja kwa moja kati ya mkulima na mnunuzi. Nimenunua kwa njia zote tatu, na kila moja nimeiona ikiwafaa watu wengine na kuwaumiza wengine.

Maswali manne kabla ya kuchagua

La kwanza ni habari: nani anajua nini, na anajua lini? Hili nalitaja mwanzo kwa sababu ndilo linalovunja ushirikiano mara nyingi kuliko bei. Mwaka 1958 Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha jinsi badiliko dogo la mauzo dukani linavyozidi kuvimba kadiri oda zinavyorudi nyuma kwa mwuzaji wa jumla na kiwandani. Wataalamu wanaiita athari ya mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka mbali.

Kisumu mjeledi huo unapigwa hivi. Tuseme Jumamosi kuna mechi kubwa. Mwenye kibanda anayechukua gunia moja kwa siku anaomba mawili. Mimi nina wateja kumi kama yeye. Naona oda zimepanda, na kwa tahadhari naongeza zaidi ya walichoomba. Dalali akisikia wachuuzi watatu wameongeza, anatangaza vijijini kwamba Kisumu inataka viazi. Wakulima wanachimba hata vya majuma kumi, ambavyo ngozi bado inachubuka ukivisugua kwa kidole gumba. Kufikia Jumanne soko limefurika, bei imeanguka, na mkulima anaamini wachuuzi walipanga njama. Njama haikuwepo. Kulikuwa na mechi moja, na hakuna aliyemwambia mkulima kwamba ni mechi.

Mwaka 1997 Hau Lee, mtafiti wa usambazaji wa bidhaa, na wenzake walitaja sababu nne za mjeledi huu: kila mmoja kukisia mahitaji kutokana na oda za jirani yake tu, kuagiza kwa mkupuo, bei kupanda na kushuka ovyo, na watu kuagiza kupita kiasi bidhaa inapoadimika. Zote nne ziko Kibuye kila msimu. Dawa yake inajulikana pia: anayelima aone mauzo ya anayeuza mwisho, asione tu oda ya aliye mbele yake.

Swali la pili ni kipimo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini lumbesa bado ipo, lile gunia lililoongezwa kichwa cha kamba hadi likapita kimo cha mtoto. Watu wawili wakipatana bei ya lumbesa, wamepatana pesa bila kupatana mzigo. Ubora nao ni sehemu ya kipimo: ukubwa, vilivyokatwa na jembe, vilivyopigwa na jua vikageuka kijani, na aina yenyewe.

La tatu ni pesa: inaingia lini, na inapita mikononi mwa nani. La nne ni hasara: mzigo unaacha kuwa wako na kuwa wangu mahali gani hasa, na tukikosana tunaamuliwa wapi?

Njia ya kwanza: dalali

Dalali husemwa vibaya sana, kwa hiyo nianze na haki yake.

Kwa upande wa habari, hakuna anayemfikia kwa kasi. Saa kumi na mbili asubuhi anajua shamba la nani liko tayari, barabara ipi ina tope, bei imeamkaje soko la Wakulima Nakuru na imeamkaje Kibuye. Mkulima mwenye nusu ekari huko juu ya Keringet hawezi kulijaza lori peke yake, wala mimi siwezi kuzunguka kwa wakulima ishirini nikikusanya gunia mojamoja. Yeye ndiye anayetuunganisha. Tatizo ni kwamba habari hiyo ndiyo mtaji wake, na mtu hagawi mtaji. Mkulima hajui Kisumu imelipa ngapi, nami sijui kama nyuma ya lori langu kuna mengine matano yanayokuja soko hilohilo.

Kipimo ndipo anapokuwa dhaifu zaidi. Biashara ya dalali ni ya macho na gunia, na lumbesa imeishi kwa sababu yake na kwa sababu yetu sisi wachuuzi tunaoipokea. Mkulima anayeuza hivi angalau awe na mzani wake wa kuning'iniza. Hata asipolipwa kwa kilo, atajua ni kilo ngapi ametoa.

Pesa ndiyo nguvu yake. Analipa shambani, siku hiyohiyo, mkononi au kwa M-Pesa. Mzazi ambaye mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo hawezi kungoja kikao cha kamati. Kwa mchuuzi ni kinyume, kwani unatoa pesa kabla hujaona mzigo, isipokuwa dalali akikuzoea akakukopesha siku mbili tatu.

Hasara haina mwenyewe, kama nilivyoeleza hapo juu. Hakuna karatasi, na mzozo huamuliwa na anayemhitaji mwenzake zaidi.

Siku hizi ninaponunua kwa dalali, naanzisha kikundi kimoja cha WhatsApp cha mzigo huo tu: dalali, dereva, mimi, na mkulima au wakulima. Naandika mambo matano. Kilo ngapi, aina gani, vinachimbwa lini, lori linaondoka saa ngapi, na mzigo ukinyeshewa kabla ya kupakiwa ni wa nani. Kisha naomba picha ya magunia yakiwa wazi, kabla hayajashonwa. Dalali mmoja alikasirika mara ya kwanza, akaona simwamini. Sasa yeye ndiye anayenikumbusha picha, kwa sababu imemwokoa mara mbili wakulima walipobadilisha maneno.

Njia hii inamfaa mwenye mavuno kidogo yasiyotabirika, mwenye shida ya pesa leo, na mchuuzi ambaye mauzo yake hupanda na kushuka kiasi kwamba hawezi kumwahidi mtu chochote mwezi ujao.

Njia ya pili: ushirika

Fikiria kituo cha kukusanyia viazi asubuhi. Kuna meza ya waya iliyoinama kidogo, viazi vinamiminwa juu, vidogo vinapenya matundu na kuanguka chini, vikubwa vinateremka mpaka mwisho. Kina mama wawili wanatoa kwa mkono vilivyokatwa na vya kijani. Karani anapima, anaita kilo kwa sauti, mkulima anasogea kutazama mshale, ndipo inaandikwa kwenye daftari na kwenye risiti. Kule kutazama mshale kunajenga uaminifu kuliko hotuba yoyote niliyowahi kusikia. Kwa hiyo kwa kipimo, ushirika unaoendeshwa vizuri unamzidi dalali mbali sana. Gunia ni la kilo 50 na ninajua ninachonunua.

Habari pia inaweza kuwa bora, ikiwa viongozi wanataka. Faida kubwa ya ushirika ambayo wengi hawaitumii ni kalenda ya kupanda. Wakulima wengi hupanda mvua za masika zinapoanza, na wote huvuna pamoja kati ya Julai na Agosti, bei ikiwa chini. Ushirika ukigawana tarehe, hawa wapande juma hili na wale baada ya majuma matatu, unaweza kuniambia mimi mchuuzi kwamba nitapata gunia arobaini kila juma kwa miezi miwili, na mimi nikawaambia wateja wangu hivyohivyo. Hapo mjeledi unakosa nguvu.

Aina ya viazi inaingia katika hesabu hii. Shangi inapendwa kwa sababu inakomaa kwa takriban miezi mitatu na inaiva upesi jikoni, lakini haina subira. Majuma machache baada ya kuchimbwa macho yake yanaanza kuchipua. Ushirika unaojenga ghala ukitarajia kuhifadhi Shangi mpaka bei ipande utashangaa. Kwa Shangi, kupanga tarehe za kupanda ni muhimu kuliko kujenga ghala.

Sasa pesa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo vyama vinapofia. Mkulima anapeleka leo, ushirika unauza kesho kutwa, mnunuzi analipa baada ya majuma mawili, makato yanatolewa, halafu ndipo mkulima anaona chake. Wazee wa Molo waliolima pareto bado wanakumbuka malipo yaliyochelewa mpaka wengine wakang'oa zao lenyewe. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo ukimwambia asubiri, anakusikia ukimwambia asahau. Basi dalali akipita na pesa mkononi, mwanachama anampelekea viazi vizuri na kuuletea ushirika vilivyobaki. Ushirika unashindwa kutimiza oda, mnunuzi anaondoka, na malipo yanazidi kuchelewa.

Vyama vilivyoepuka shimo hili, kwa niliyoyaona, hulipa sehemu mzigo unapopokelewa, hata nusu tu, na iliyobaki kwa tarehe inayojulikana. Pia hubandika ukutani bei waliyouza, makato na kilichobaki, kwa namba ambazo kila mwanachama anaweza kuzijumlisha mwenyewe. Kabla ya kujiunga, usiulize ushirika unalipa bei gani. Uliza ulilipa lini mara tatu zilizopita, na uwaulize wanachama, si katibu.

Hasara hugawanywa, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu mdogo: lori moja likiharibika halimfilisi mkulima mmoja. Mizozo ina mahali pake pia. Sheria ya Vyama vya Ushirika inatambua Baraza Maalumu la kusikiliza kesi kati ya wanachama na chama chao, na hesabu za chama zinapaswa kukaguliwa. Kwa mnunuzi, udhaifu ni mwendo. Nikihitaji gunia kumi za ziada Ijumaa, dalali ananijibu kwa dakika mbili. Mwenyekiti anataka kwanza kuongea na wenzake.

Unamfaa mkulima wa kati anayeweza kuvumilia majuma mawili bila pesa yote, na mchuuzi mwenye wateja wa kudumu, kama shule au hoteli, wanaotaka kiasi kilekile kila juma.

Njia ya tatu: mkataba

Hapa mkulima, au kikundi cha wakulima, anatia saini na mnunuzi mmoja kabla ya kupanda: kiwanda cha krisipi, hoteli, au mtu anayemenya na kukata chipsi kwa ajili ya migahawa.

Kipimo kinakuwa kikali. Kiwanda hakinunui viazi hivihivi, kinanunua aina fulani, mara nyingi Dutch Robijn kwa krisipi au Markies kwa chipsi, za ukubwa fulani, zenye wanga wa kutosha na maji machache. Watakata vipande na kuvikaanga mbele yako. Vikitoka vya dhahabu, sawa. Vikitoka vya kahawia, vina sukari nyingi, labda kwa sababu vilihifadhiwa kwenye baridi kali mno. Mkulima asiyejua hili huona kama amefanyiwa hila, kumbe ni kemia ya kiazi chenyewe. Ndiyo sababu mbegu safi iliyothibitishwa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na ushauri wa kuhifadhi vinapaswa kuandikwa ndani ya mkataba, pamoja na nani anavigharamia.

Januari 2022 migahawa ya KFC nchini ilikosa chipsi kwa sababu shehena kutoka nje ilichelewa baharini. Wakenya wengi waliuliza kwa hasira kwa nini wakulima wa hapa hawanunuliwi. Jibu lilikuwa kwamba mleta bidhaa yeyote sharti kwanza apite ukaguzi wa ubora wa kampuni. Hasira ile naielewa, na nilikuwa nayo mimi pia. Lakini ilinifunza kwamba mnunuzi wa namna hiyo huwezi kumfikia kwa lori lililojaa viazi vizuri. Unamfikia kwa kazi ya miezi: mbegu inayojulikana, kumbukumbu za dawa ulizopulizia, na mzigo unaofanana mwezi baada ya mwezi.

Habari katika mkataba hutoka mbali, ambalo ni jema: unajua mwezi wa tatu utakachouza mwezi wa saba. Lakini isiishie siku ya saini. Mkataba unaofanya kazi una siku maalumu, tuseme kila baada ya majuma mawili, ambapo mkulima anaeleza hali ya shamba na mnunuzi anaeleza hali ya mauzo. Mnyauko wa bakteria ukiingia shambani, mnunuzi akijua mapema atatafuta pengine; akijua siku ya kuvuna, atakuona mwongo.

Bei imefungwa, na hapo kuna raha na majaribu. Soko likianguka unamshukuru Mungu. Soko likipanda, majirani wanauza kwa dalali kwa bei ya juu na mkono unakuwasha. Wengi huuza pembeni na mkataba unakufia hapo. Nashauri bei ya chini iliyohakikishwa, pamoja na nyongeza inayofuata soko likipita kiwango fulani, ili hakuna upande unaotamani kukimbia. Malipo mara nyingi huja majuma kadhaa baada ya kupeleka. Hakikisha tarehe imeandikwa.

Hasara imeandikwa pia, kwa hiyo isome. Viazi vikikataliwa langoni ni vya nani, na nani analipa lori la kurudi? Kijisehemu hicho kimewaumiza watu kuliko bei. Ukidhulumiwa, Mahakama ya Madai Madogo iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Ukienda bila karatasi, kazi itakuwa ngumu.

Mkataba unamfaa mwenye ardhi na maji ya uhakika, anayeweza kuweka kumbukumbu, na mnunuzi asiyeweza kubadilisha aina ya viazi kila juma.

Na programu za simu?

Naulizwa sana. Nazihesabu kama vyombo, si njia ya nne. Programu ikimwonyesha mkulima bei ya Kibuye asubuhi, inaisaidia njia yoyote kati ya hizi. Ikiwa watu hawajapatana kipimo na hasara, itawafikishia ugomvi haraka zaidi.

Kulingana na hali yako

Kama huu ni msimu wako wa kwanza au una robo ekari, anza na dalali, lakini pima kilo zako na uandike mapatano mahali ambapo nyote mnaona. Kama wewe na majirani mnavuna pamoja na kuuza kwa bei ya kutupa kila Agosti, zungumzeni ushirika, na kikao cha kwanza kiwe cha tarehe za kupanda, kabla ya kuchagua mwenyekiti. Kama ushirika wa karibu na kwako una madeni ya wanachama ya mwaka jana, subiri uone yamelipwa.

Mwenye ekari nyingi na kisima anaweza kujaribu mkataba kwa sehemu ya shamba, nusu au theluthi, huku sehemu nyingine ikibaki ya soko huria. Hivyo bei ikipanda hatakuwa na sababu ya kuvunja ahadi.

Kwa mwenye kibanda cha chipsi Kondele au Nyalenda, jambo dogo kabisa linasaidia njia zote: mwambie anayekuuzia kwa nini umeongeza oda. Kama ni mechi, sema ni mechi. Kama umefungua kibanda cha pili, sema hivyo, maana hiyo ni oda ya mwaka mzima.

Na wewe dereva, ambaye sote humsahau mpaka mzigo uchelewe: kabla ya kuwasha injini pale Molo, omba namba ya anayepokea Kisumu, umpigie, umuulize mzigo unatakiwa saa ngapi, na umweleze ulikaa wapi mvua ikinyesha.